Nakula kidogo, mbona sipungui?

SWALI: Nina PCOS (tatizo la homoni linalovuruga hedhi) na kilo 84. Miezi 2 sasa sili usiku, mzani hausogei. Nifanyeje? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Pole sana, dada. Huo si uvivu. Kwa wengi wenye PCOS mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu; kongosho inatoa nyingi zaidi, na insulini hiyo nyingi inaufanya mwili uhifadhi mafuta. Ukilala njaa, asubuhi unaishia kwenye chapati mbili na chai ya sukari tele. Kula usiku, ila mapema: ugali usiozidi ngumi yako, nusu sahani tembele au mchicha, na dagaa au maharage. Juisi ya miwa iache kabisa. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Lenga kwanza kupunguza kilo 4. Hizo tu zinaweza kurudisha hedhi. Ikikosekana miezi 3, muone daktari wa wanawake, umuulize kuhusu metformini, dawa inayosaidia mwili kuitikia insulini.