Karo la miaka zaidi ya 20: kabla hujalifukia, pima kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba karo la choo la nyumba yenu ya Mbagala lilijengwa mwaka 1998, kwamba siku hizi mnaita gari la kunyonya kila baada ya miezi mitatu, na kwamba fundi amewashauri mlifukie mchimbe jingine. Kabla hamjatoa fedha, naomba usome yaliyonikuta mimi hapa Tabata, kwa sababu mwaka 2014 fundi wangu aliniambia hayo hayo, na karo alilotaka nilifukie ndilo ninalotumia hadi leo.

Karo lenyewe, yaani shimo la kwanza lililojengwa kwa tofali na kupigwa plasta, halichakai upesi. Kazi yake ni kuyatuliza maji ili kinyesi kizame chini kiwe tope, mafuta yaelee juu yagande kuwa ukoko, na maji ya katikati yatoke kwenda kwenye shimo la pili, lile la kunyonya, ambamo maji hupenya ardhini. Hilo la pili ndilo linalokufa. Tope likivuka na kuingia humo, udongo wa kuta zake hupakwa utelezi mweusi unaozuia maji kupenya, na kwenye udongo wa mfinyanzi hali hiyo hufika mapema kuliko kwenye mchanga. Ndiyo maana karo linalojaa kila miezi mitatu mara nyingi halijajaa tope: maji yamekosa pa kwenda, na gari linawanyonyea maji kwa bei ya tope.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Nilichukua mwanzi mrefu, nikauviringishia taulo jeupe kuukuu kwenye mita moja na nusu ya mwisho na kulifunga kwa kamba, nikauzamisha taratibu kupitia kwenye mfuniko hadi ukagusa sakafu, nikausubirisha dakika chache, kisha nikautoa polepole. Sentimita 30 hivi za chini zilikuwa nyeusi tii, na juu yake taulo lilikuwa na rangi ya chai tu. Karo langu lina maji ya kina cha mita moja na nusu, na kanuni ninayoifuata ni kwamba tope na ukoko vikifikia kwa pamoja theluthi ya kina hicho, ndipo gari huitwa. Kwa familia ya watu sita hilo huchukua miaka kadhaa, si miezi.

Baada ya kupima nilitafuta kilicholiua shimo la pili, nikakuta mambo mawili. La kwanza ni kiungo chenye umbo la T kwenye bomba la kutokea, ambacho huyachota maji ya katikati na kuuzuia ukoko usipite: cha kwangu kilikuwa cha saruji, kimeliwa na kuanguka, kwa hiyo kwa miaka nisiyoijua mafuta yalikuwa yakitoka moja kwa moja. Kingine cha plastiki cha inchi nne kilimaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko safari moja ya gari. La pili lilinitia aibu. Tangi la kuvutia la choo cha wageni lilikuwa likivuja kimya kimya usiku na mchana, na maji hayo yote yalikuwa yakiishia kwenye shimo la pili. Weka rangi ya chakula kwenye tangi, usivute kwa nusu saa. Ukiiona rangi kwenye bakuli, valvu imekwisha.

Jikoni ndiko vita yangu haijaisha. Machicha ya nazi, ukoko wa wali na mafuta ya kukaangia havina haki ya kuingia kwenye sinki, na niliweka chemba ndogo ya kunasia mafuta ambayo huisafisha mwenyewe kila mwezi, maana kila ninayemwagiza hupata safari. Maji ya mvua ya paa nayo yaelekezwe mbali. Wapo wanaoyaunganisha kwenye chemba ya choo ili uwani pasiwe na dimbwi, kisha wanashangaa masika yanapofika.

Kuhusu chumvi, hamira, magadi na mafuta ya taa, ambavyo watu hushauri vimwagwe karoni ili kumaliza tope, nimejaribu baadhi na sikuona tofauti yoyote kwenye mwanzi. Vijidudu vinavyomeng'enya tope huletwa na kinyesi chenyewe. Vinachohitaji ni kutouawa kwa dawa kali za kusafishia choo zinazomwagwa chupa nzima kwa mara moja.

Jihadharini na mfuniko. Gesi ya karo huila zege kwa upande wa ndani, na wangu ulionekana mzima juu ilhali chini nondo zilikuwa nje, mahali ambapo watoto wangu walikuwa wakiruka kamba. Mtu yeyote asiingie ndani, hata karo likiwa tupu, hata kwa dakika moja, wala asimulike kwa kibiriti. Na msilinyonye lote katikati ya masika, kwa kuwa ardhi iliyojaa maji husukuma kuta ambazo hazina kitu cha kuzikinga kwa ndani.

Mwisho, fundi wenu hakukosea kwa yote: kuna kitu cha kuchimba, ila ni shimo la pili la kunyonya, si karo. Nilichimba jipya mbali na kisima, nikajenga chemba ya kugawia maji yenye kizibo, na la zamani nikalipumzisha mwaka mzima. Nilipolifunua, ule utelezi ulikuwa umekauka na kupukutika kama maganda. Sasa nahamisha mkondo kila Januari. Pimeni kwa mwanzi, kisha utuandikie tope limefika sentimita ngapi na kama udongo wa kwenu ni mchanga au mfinyanzi, tukadirie shimo hilo liwe la ukubwa gani.