Diski ya zamani usiitupe baharini

Dada, umeuliza kama zile diski mbili za kompyuta ya nyumba yenu ya wageni hapo Shela, zenye nakala za pasipoti, ukizitupa mkondoni mwa bahari yatakuwa yamekwisha. La, usifanye hivyo. Chumvi huanza na kasha na waya. Sahani za ndani zenye data zaweza kusomeka bado. Kufomati nako hakutoshi, maana mara nyingi hufuta orodha ya mafaili tu, yenyewe yakabaki. Na pasipoti za watu ni amana.

Zipeleke kwa fundi mwenye keekee ya kutoboa chuma. Atoboe matundu manne au matano yapite kasha na sahani zote, upande huu hadi wa pili. Avae miwani, tafadhali: sahani za diski za laptopu aghalabu ni kioo, na vipande huruka. Usizichome, moshi wake ni sumu.

Lakini tazama kwanza ni za aina gani. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina sahani. Data imo ndani ya chipu nyeusi, na tundu laweza kuzikosa zote. Hiyo fungua, uponde kila chipu kwa nyundo hadi ivunjike. Sumaku ya kufutia data hapo haifui dafu.