Re: Kwenda Rubondo kutoka Mwanza, boti napandia wapi?

Salaam mkuu. Unataka kuvuka kwenda Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, umekwama boti upandie Nkome au Kasenda, na una siku mbili tu. Chukua Kasenda. Panda basi la Mwanza–Bukoba, ushuke Muganza, wilaya ya Chato, halafu bodaboda mpaka mwaloni. Kutoka hapo maji ni ya nusu saa hivi. Nkome inakula karibu saa mbili, na mchana upepo ukikolea Ziwa Victoria halina utani.

Cha kwanza kabla ya tiketi ya basi ni boti. Haina ratiba kama daladala, kwa hiyo piga simu TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) siku kadhaa kabla, na uliza bei ni ya boti nzima au ya kichwa. Ukiwa peke yako, hapo ndipo bajeti inapopasuka. Omba na namba ya malipo ulipie ukiwa bado mjini. Usitegemee kulipa taslimu getini. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, hivyo kuvuka asubuhi kuna faida.

Chakula beba chote, hata chumvi. Nguo nyeusi na za bluu iliyokolea acha nyumbani, mbung'o wanazifuata. Kuogelea sahau: mamba, viboko, kichocho.

Sokwe? Wapo, kizazi cha walioachiwa huko miaka ya 1966–69, ila msitu ni mnene na unaweza kutembea saa nyingi ukaambulia sauti tu. Nzohe (swala wa majimaji) na tai wa ziwani ni rahisi zaidi kuwaona.