Kwa wakili kijana anayeota Bunge, kisha ujaji

Haipiti miezi mingi kabla kijana hajanijia ofisini hapa Mombasa na swali lile lile: mzee, niingie siasa lini? Wengine hawajaapishwa hata uwakili. Wamemtazama Njoki Ndung'u, wakili aliyekuwa mbunge mteule, akapeleka bungeni muswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na tangu 2011 ni jaji wa Mahakama ya Juu. Njia ipo, sibishi.

Mimi niliijaribu 2013. Nikajidanganya kwamba asubuhi ni ya mahakama na jioni ni ya barazani, kahawa chungu na ahadi. Nilikuwa na kesi ya shamba ya bibi mmoja wa Likoni. Nanyi mnajua ardhi ya Pwani, watu wamezikana hapo vizazi vitatu na hati miliki ina jina la mtu wasiyemjua. Siku ya kusikizwa, nilikuwa juu ya gari la kampeni na kipaza sauti mkononi. Karani aliita mara tatu. Kesi ikatupwa. Kuirudisha kulinila miezi minane ya maombi na hati za kiapo, na gharama za upande wa pili nikazitoa mfukoni mwangu. Kwenye mchujo wa chama nilikuwa nimeshaanguka kitambo.

Kwa hivyo, kabla hujachapisha bango hata moja, kabidhi faili zako kwa wakili mwenzio, kwa maandishi, na mteja ajue. Akaunti ya wateja usiiguse. Kampeni hula pesa yoyote iliyo karibu. Katiba inataka miaka kumi ya kazi kwa Mahakama Kuu, kumi na mitano kwa ile ya Juu, na ukiomba ujaji jina lako hutangazwa, mwananchi yeyote aandike analolijua juu yako, kisha uhojiwe hadharani. Faili uliyoitelekeza Kwale itakufuata mpaka pale. Na siasa itangulie: jaji hana ruhusa ya kushika cheo chamani.

Nilipokwenda Likoni kumwomba radhi, yule bibi hakunigombeza. Alinimiminia chai, akauliza, "Mwanangu, kura ulipata ngapi?"

Nikamtajia. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.