Disemba mtoto hatoki bila wewe

Hiyo ya kusajili kikundi weka kando kwanza. Umeuliza uanzie wapi kupinga ukeketaji hapa Nakuru, pesa za semina zinatoka wapi, wasichana wa shule uwaambie nini, na mimi nini kilinisukuma. Halafu katikati, kama mtu anayetaja mvua, ukasema bintiyo wa miaka tisa anatangulia Kisii kwa nyanya yake shule zikifungwa, na nyanya "ameahidi hatamgusa". Nilipofika hapo niliacha ugali ukaungua.

Mimi pia niliahidiwa. Tena wakati huo nilikuwa mwanaharakati, usicheke. Nilikuwa na fulana ya kampeni, nazunguka shule nikieleza sheria ya 2011 inayokataza ukeketaji, nalipwa nauli na soda. Fulana ilinikaa vizuri sana. Nikampandisha binti yangu wa miaka minane matatu ya Kisii pamoja na shangazi yake, mimi nikarudi seminani.

Mama mkwe hakunidanganya hasa, na hapo ndipo panaponichoma. Aliniambia, "Siku hizi hakuna wembe wala vigelegele, hayo yaliisha." Kweli yaliisha. Kilichobaki ni nesi. Mama jirani, mtu wa kanisa, anakuja jioni na mkoba, glavu na sindano ya ganzi, anamaliza kazi chumbani, anakunywa chai, anaondoka na bahasha yake. Mimi akilini nilikuwa na ngariba kikongwe mwenye kisu, yule wa kwenye mabango yetu. Kuhusu nesi sikuuliza hata swali moja.

Binti yangu nilimfuata Jumamosi. Gauni jipya, kachinjiwa kuku, nikasema huyu nyanya anamdekeza. Kwenye gari, hata Kericho hatujafika, anakaa upande upande na maji hataki. Nikamkaripia. Dada, nilimkaripia! Kumbe alikuwa anabana mkojo tangu jana kwa sababu unamchoma, na ameambiwa akisema mama atakasirika. Tulishukia hospitalini, si nyumbani.

Yule nesi nilimpigia. Akanijibu amenifanyia hisani, "angalau ilikuwa safi". Safi! Basi na mwizi akivaa glavu tumshukuru. Mtu aliyesomea mwili, anayejua kabisa anakata nini, anamkata mtoto wa watu halafu anaosha mikono. Ngariba wa zamani angalau hakuwa na cheti ukutani. Sheria haina kifungu cha usafi: awe nesi, awe kikongwe, ni jela isiyopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili, na ridhaa ya mzazi haimwokoi. Anayejua akanyamaza naye ana kosa. Hapo nimejitaja mwenyewe. Mume aliuliza, "Sasa tumfunge mama?" nikameza. Namba 116, ile simu ya msaada kwa watoto, nilikuwa nimeigawa kwenye vikaratasi shule nzima nzima, na siku yangu ilipofika kidole kikakataa kubonyeza.

Kwa hiyo umeuliza nini kilinisukuma? Hicho. Fulana nilimpa fundi wa baiskeli afutie mafuta. Sasa naongea na akina mama kwenye mikutano ya wazazi, Oktoba na Novemba, kabla likizo haijafika, na naongea kuhusu nesi na bahasha. Wengine wananuna, hasa wenye dada manesi. Wanune.

Kanuni yangu ni moja: Disemba mtoto analala nyumba uliyolala wewe. Si kwa shangazi, si kwa nyanya aliyeokoka, si "siku mbili tu nitawafuata". Ukikosa likizo kazini, hakuna ushago mwaka huu. Mama mkwe atasema unamlea egesagane, yaani msichana asiyekeketwa. Mwache aseme, na hata hilo tusi sheria inalikataza.

Ya usajili waulize ofisi ya maendeleo ya jamii, mimi nimeshasahau ulichouliza kingine. Umesema tiketi ni ya tarehe tano. Piga simu stendi sasa hivi wakuandikie viti viwili, au wakurudishie pesa.