Kabla ya kulaumu tanuri: maswali na majibu kuhusu alumina na zirkonia

Swali: Visahani vyetu vya alumina (seramiki ya oksidi ya alumini), unene milimita 12, vinatoka tanurini vimepasuka. Tunapandisha nyuzi 5 kwa dakika tangu mwanzo hadi 1,600 za Selsiasi. Joto limezidi?

Kosa limetokea mapema zaidi, kati ya nyuzi 200 na 450, gundi inapoungua. Unga wa kugandamiza huwa na gundi, mara nyingi polivinili alkoholi, asilimia 1 hadi 3 ya uzito. Ikigeuka gesi kwa ghafla ndani ya kipande kinene, gesi hukosa pa kutokea na kukipasua kingali kibichi, hakina nguvu yoyote. Pandisha nyuzi 1 kwa dakika au chini ya hapo mpaka 600, tulia hapo saa nzima, hewa ipite tanurini, ndipo uongeze kasi.

Lakini kwanza tazama ufa umekaaje. Ukiwa umelala sambamba na uso wa kisahani, kama tabaka linalotaka kubanduka, chanzo ni presi, mashine ya kugandamiza unga: shinikizo lilizidi, au liliachiwa haraka na hewa iliyobanwa ikatanuka. Vunja kipande kimoja kabla ya kukichoma. Tabaka likionekana humo, kubadilisha ratiba ya joto ni kupoteza umeme.

Swali: Kwa saa 2 tunafika asilimia 97 ya msongamano kamili, yaani wa kipande kisicho na kitundu. Tukichoma saa 10, si nguvu itaongezeka?

Mara nyingi itapungua. Mwishoni mwa uchomaji mambo mawili hushindana: vitundu kuzibika na chembe, yaani fuwele ndogo zilizoshikamana, kukua. Kitundu huzibika kwa sababu atomi husafiri kwenye mipaka ya chembe kwenda kukijaza. Mpaka ukihama upesi na kukiacha kitundu ndani ya chembe, kimefungiwa humo, maana atomi hupita katikati ya fuwele polepole mno. Saa zile 8 za ziada zinanenepesha chembe, na vitundu vinabaki.

Dawa inayojulikana ni magnesia (oksidi ya magnesi), asilimia 0.05 hadi 0.1 tu ya uzito, ambayo huzuia chembe chache zisikue kwa pupa na kuzimeza jirani zake. Robert Coble wa General Electric, Marekani, ndiye aliyeipatia hataza mwaka 1962, na ndiyo iliyowezesha alumina inayopitisha mwanga kwenye mirija ya taa za sodiamu, zile za manjano za barabarani. Itie ikiwa nitrati iliyoyeyushwa ili isambae sawasawa. Ikibaki mabonge, umejiongezea kasoro.

Swali: Kwa nini vipande vya tanuri moja, siku moja, kimoja kinavunjika kwa mkazo wa megapaskali 350 na kingine 175?

Kwa sababu seramiki huvunjika penye kasoro yake kubwa kuliko zote. Alumina ya kawaida ikivunjika kwa megapaskali 350, ufa ulioanzisha ulikuwa na kina cha takriban maikromita 60 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), unene wa unywele. Kasoro ikiwa kubwa mara nne, nguvu inashuka nusu: hiyo ndiyo 175 yako. Itafute kwa hadubini kwenye uso uliovunjika. Ukikuta shimo lenye umbo la mwezi mwandamo, ni bonge la unga lililosinyaa peke yake na kujitenga na wenzake. Rudi kwenye kinu na chekeche. Ukikuta mkwaruzo ukingoni, ni jiwe la kusagia. Lainisha kingo kwa almasi ya chenga ndogo. Na usitangaze nguvu kwa wastani wa vipande vitano. Vunja 30, kisha uangalie jinsi matokeo yanavyotawanyika.

Swali: Kalibu iwe na ukubwa gani nipate kisahani cha milimita 50?

Kipande kibichi kikiwa na asilimia 55 ya msongamano kamili na kilichoiva 98, kila kipimo kinasinyaa asilimia 17.5. Basi ni milimita 60.6. Gandamiza kutoka juu na chini, la sivyo upande uliolegea utasinyaa zaidi na kisahani kitapinda.

Swali: Zirkonia (seramiki ya oksidi ya zirkoni) ina nguvu kuliko alumina. Tunaweza kuichoma kwa ratiba ileile ya nyuzi 1,600?

Hapana. Zirkonia yenye moli 3 kwa mia za itria (oksidi ya itriamu) huiva kwa nyuzi 1,450 hadi 1,500. Nguvu yake inatokana na fuwele za tetragonali zinazogeuka monokliniki (mipangilio miwili tofauti ya atomi zilezile) penye ncha ya ufa, zikitanuka asilimia 4 hivi na kuubana. Chembe zikizidi takriban maikromita 1, mgeuko huo huanza wenyewe, wakati wa kupoa au baadaye kwenye unyevu, na uso unajaa nyufa ndogo.

Haya yaliumiza wagonjwa. Mwaka 1998 mtengenezaji mmoja wa Ufaransa alihamisha uchomaji wa vichwa vya zirkonia vya nyonga bandia kutoka tanuri la mafungu, linalochoma fungu moja kwa wakati, kwenda tanuri la mfululizo. Kufikia 2001 mamia ya vichwa hivyo yalikuwa yamevunjika ndani ya miili ya watu. Kwa hiyo kila ubadilishapo tanuri au ratiba, weka sampuli kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo: nyuzi 134, megapaskali 0.2, saa 5. Kisha pima kwa eksirei kiasi cha monokliniki. Kiwango cha kimataifa cha zirkonia ya kupandikizwa mwilini, ISO 13356, hakikubali monokliniki kuzidi asilimia 25.