Kibanzi na boriti

SWALI: Dada mmoja wa kwaya yetu amerudi baada ya kuzaa nje ya ndoa. Wenzangu wanamsengenya. Je, kumkosoa ni kuhukumu? – Msomaji, Likoni

JIBU: Mathayo 7:5 haikatazi kutoa kibanzi jichoni mwa ndugu yako, yataka boriti iliyo jichoni mwako itoke kwanza. Boriti mnaijua, ile ya mkoko inayobeba dari za Mji wa Kale, Mombasa. Mwenye nayo jichoni ataona nini? Kumsengenya ndiko kuhukumu kwenyewe. Mathayo 18:15-17 yaanza na wawili faraghani, kisha shahidi mmoja au wawili, kanisa mwisho. Soga za kwaya hazimo. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, akatoa zaka. Alipoharibu ni pale aliposali huku akijilinganisha na mtoza ushuru. Huyo dada akiwa ametubu, mpeni kitabu cha nyimbo, asimame katikati yenu.